Muwa wa Ukuta wa Chini

Muwa ninaoupenda ni ule mwekundu, mgumu, unaoumiza fizi. Sasa meno yamenitoka, wajukuu wananitwangia na kunikamulia maji yake kwenye kikombe. Nawashukuru, lakini huo si muwa. Muwa ni wa kutafuna. Na huko kwetu milimani, juu ya kijiji cha Kisiwani, muwa ulikuwa na kazi nyingine ambayo wajukuu hawa hawaijui, na kila ninapowasikia wakilalamika juu ya wakubwa wao wa kazini naikumbuka.

Kazi za wote tuliziita msaragambo. Baragumu likilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu mmoja, mnakwenda kuchimba mfereji au kutengeneza njia. Kazi ikikamilika, aliyeisimamia anakata miwa pingili pingili, anampa kila mtu yake kwa mkono wake mwenyewe, na wakati anampa anamtajia jambo alilofanya. Zamani za babu zetu walimalizia kwa dengelua, pombe ya miwa hiyo hiyo. Kanisa lilipoingia pombe ikakatazwa, ukabaki muwa, maana mchungaji hakuona dhambi katika kutafuna. Pasipo muwa kazi haijafungwa. Ukuta unaweza kuwa umesimama na mbuzi wanapita juu yake, lakini ukimuuliza mtu kama kazi imekwisha atakujibu, "Bado."

Haya ninayoyasimulia yalitokea wakati wa Mwingereza, mwaka ambao ndiva yetu ilibomoka. Ndiva ni bwawa letu la mawe na udongo. Maji ya kijito yanajikusanya humo usiku kucha, asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji hadi mashambani. Masika ya mwaka ule yalikuwa ya ghadhabu, yakaing'oa ndiva na kuacha shimo lenye mawe yaliyotawanyika. Bila ndiva, mvua za vuli peke yake hazijawahi kukomaza mahindi kwetu. Kila mtu alijua kwamba kama ndiva haitasimama kabla ya kupanda, tutashuka Kisiwani na vikapu kuomba mahindi kwa watu wa tambarare, nao watatupa huku wanatucheka.

Aliyekuwa na la kupoteza zaidi ni mama yangu. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji, mahali ambapo maji yanafika yakiwa yamechoka. Alikuwa mjane wa siku nyingi, na shamba lile ndilo lililotulea. Alikuwa amesema waziwazi kwamba hatashuka Kisiwani. "Nimekula vya jasho langu tangu baba yenu alale," alisema. "Nikishindwa, nitakaa hapa hapa nishindwe." Nami nilimjua mama. Alikuwa akisema jambo, amesema.

Nilikuwa nimerudi kwake baada ya ndoa yangu kuvunjika. Walisema imevunjika kwa sababu ya mdomo wangu. Nina maelezo yangu, lakini si ya leo.

Basi mwaka huo huo kaka yangu akarudi kutoka reli. Alikuwa nyapara wa genge lililotunza njia ya treni kutoka Same kushuka kuelekea Makanya, kazi ya jua na mataruma na mitaimbo, na aliifanya miaka mingi hadi mgongo ukakataa. Alirudi na mkewe, sanduku la bati, kofia kuukuu, na tabia ya kuamka kabla ya jogoo. Wazee walipokaa kuchagua msimamizi wa ndiva hawakubishana. Nani mwingine alikuwa ameongoza watu kazini kila siku ya maisha yake? Siku hiyo niliona mama amejifunga kanga yake ya Jumapili wakati ilikuwa Jumanne.

Lazima niseme ukweli kuhusu kaka, kwa sababu nitamsema sana hapa mbele. Alikuwa hodari. Alifika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Wanaume walileta mawe kutoka korongoni na kuyapanga. Sisi wanawake tulibeba udongo wa mfinyanzi kwa vikapu, tukaumwaga kati ya mawe, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ushikane. Kaka alipita akigonga kila jiwe kwa rungu lake na kusikiliza. Hakumwonea mtu. Hakuwapendelea ndugu, na mimi ninayo mikono ya kulithibitisha hilo. Lakini katika siku zote hizo hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno "vizuri." Jiwe likikaa vibaya alisema, "Toa." Likikaa sawasawa alipita.

Tulianza na ukuta wa chini, ule unaobeba uzito wa maji yote. Ukuta huo ndio ndiva yenyewe. Zile mbawa mbili za pembeni ni kama mikono ya kushikilia. Tuliujenga kiangazi chote. Tuliimba, tukagombana, tukapatana. Siku tulipokanyaga udongo wa mwisho juu yake, mwanamke mmoja jirani yetu, fundi wa kukanyaga kuliko sote, alipiga kigelegele, na wote tukashuka kusimama chini ya ukuta kuutazama. Ulikuwa mzuri, jamani. Nasema hivi mimi ambaye si mwepesi wa kusifu. Wanaume walianza kupangusa mapanga yao, maana mtu asiye na adabu tu ndiye anayengoja aombwe panga la kukatia miwa.

Kaka akapanda juu ya ukuta. Akatembea kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi akiinama, akagonga, akasikiliza. Kisha akasema, "Kesho saa moja. Tunaanza ubawa wa kulia."

Akashuka upande wa pili, akaenda zake.

Yule jirani yetu alichukua kikapu chake, akakung'uta udongo, akakiweka kichwani kitupu. Wanaume walirudisha mapanga alani. Tukaondoka mmoja mmoja, kimya, kama watu waliotoka kwenye mazishi ambayo hawakulishwa. Mimi nilikuwa nawaka.

Jioni nilimngoja mpaka alipomaliza kula makande yake. "Kaka," nikasema, "watu walikuwa wanangoja muwa."

"Muwa wa nini? Ndiva imekwisha?"

"Ukuta wa chini umekwisha."

"Ndiva haijaisha."

"Wewe umeondoka hapa siku nyingi. Ukuta wa chini hukatiwa muwa wake. Hata mtoto anajua."

Akaweka bakuli chini. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akaniambia kwamba huko reli, alipokuwa bado kijana kwenye genge, walimaliza kutengeneza kipande kibaya cha njia karibu na daraja. Nyapara wao wa wakati ule akawapa nusu siku ya kufurahi. Wakaimba, wakala nyama. Kesho yake wakaenda kazini na furaha ileile, wakicheka huku wamebeba reli mabegani, mtu mmoja akateleza, na reli ikamwangukia rafiki yake kwenye mguu. "Ulikatwa hapa," akasema, akajishika chini ya goti. "Mkono uliofurahi hulegea. Nilijiambia, siku nikipewa watu wangu, hawatalegea."

"Na wewe huko reli, walikuwa wanakuambia nini?"

"Nani?"

"Wakubwa wako."

Alifikiri kweli. "Walikuwa wanakuja na kile kigari cha kusukuma kwa mikono, wanapita juu ya njia. Wakiona kosa wanasimama. Wakipita bila kusimama ndiyo unajua."

Mama alikuwa kwenye mafiga, ametupa mgongo. Niliona mkono wake umesimama kidogo kwenye mwiko, kisha ukaendelea.

Sasa nieleze jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa upesi. Watu wa kwetu hawagomi. Hawajui kufanya fujo, na hawatakutukana usoni. Sheria ya msaragambo inasema kila nyumba itoe mtu. Haisemi mtu gani. Basi asubuhi iliyofuata baragumu lilipolia, kila nyumba ilitoa mtu. Nyumba ya yule fundi wa kukanyaga ikamtoa mama mkwe wake, bibi aliyekuwa akitembelea fimbo. Nyumba ya mpanga mawe hodari ikamtoa mjomba mwenye kikohozi. Nyumba ya pili yake ikamtoa babu aliyekuwa haoni vizuri, ambaye alifurahi sana kutoka nje na akakaa juu ya jiwe akisimulia habari za Wajerumani. Wote walikuja kwa wakati. Wote walimwamkia msimamizi. Kila nyumba ilikuwa imetimiza wajibu wake, na hapakuwa na mtu wa kutozwa hata mbuzi mmoja.

Nilicheka mpaka nikawaomba wazee wale radhi. Kaka hakucheka. Alifikiri ni bahati mbaya ya siku ile. Kesho yake wakaja wale wale, na kesho kutwa pia, na bibi mwenye fimbo akawa ameshachagua mahali pake pa kivuli.

Mimi niliendelea kwenda, kwa sababu mke wa kaka alikuwa na mtoto mchanga na mtu wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Ubawa wa kulia ulipanda polepole kuliko konokono. Kaka akaanza kubeba mawe mwenyewe na ule mgongo wake. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani kwa maumivu, na hasira yangu ikaanza kuchanganyika na huruma, mchanganyiko ambao sipendi kuwa nao tumboni. Milima ya upande wa mashariki ilikuwa imeanza kuvaa ukungu wa asubuhi, ule unaotangulia vuli. Mama alikwenda shambani kwake kila siku, akalima, akavunja mabonge ya udongo mkavu kwa mikono, akaandaa matuta kana kwamba maji yapo njiani. Hakuuliza kitu kuhusu ndiva. Kuyaona yale matuta kuliniumiza kuliko kama angelia.

Kisha ikaja ile Jumapili.

Tulikuwa tumetoka kanisani, mchana, na manyunyu yakaanza bila taarifa. Ubawa ulikuwa na udongo mbichi uliokanyagwa Jumamosi. Udongo ambao haujakauka ukinyeshewa hugeuka uji, na uji ukitiririka mawe yanabaki meno matupu. Kaka alikimbia na shati lake la kanisani, akaanza kukata majani ya migomba na kuufunika ukuta. Nikamfuata. Tulikuwa wawili tu, tunateleza, tunabandika majani na kuyawekea mawe yasipeperuke. Njia ya kutoka kanisani inapita pale pale juu ya ndiva. Watu wote walipita. Niliwaona, miavuli ya majani vichwani, viatu mkononi, watu tuliokuwa nao kiangazi chote.

Wakasimama kidogo, wakatuamkia kwa adabu kabisa. Wakasema, "Poleni na kazi."

Wakaenda zao.

Naomba msomaji alielewe neno hilo. "Pole na kazi" unamwambia mtu unayemkuta kwenye shughuli yake. Unamwambia jirani anayelima shamba lake, au fundi anayeezeka nyumba ya mtu. Huwezi kumwambia mtu pole na kazi kwa kazi ambayo ni yenu nyote. Hakuna tusi ambalo lingemfikia kaka vile. Alisimama na jani mkononi, maji yanamtiririka usoni, akawatazama migongo yao mpaka njia ikawa tupu. Walikuwa wamempa ndiva iwe yake.

Mama naye alikuwa kwenye kundi lile la kanisani. Hakusema "poleni." Alisimama nyuma ya wote, akasikia, akaangalia, kisha akashuka nyumbani polepole.

Jumatatu alfajiri baragumu lilipolia nilichukua kikapu changu, nikakuta ngata haipo. Mama alikuwa ameiweka kichwani kwake. Ameshika kikapu chake cha zamani, kile alichokuwa akihifadhia mbegu.

"Leo naenda mimi," akasema.

"Mama, utaanguka."

"Nyumba nyingine zinaleta wazee wao. Yetu ina nini cha kuringia?"

Nilimfuata, nani angebaki nyumbani? Kaka alikuwa ameshafika. Alimwona mama akipanda kilima, akafikiri amemletea uji. Akasogea amwamkie, "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu, akampita. Akaenda kwenye shimo la udongo, akajaza kikapu, akajitwika, akaja nacho shingo imesimama wima. Kaka alinyoosha mikono kukipokea. Mama akasema, si kwa ukali, "Msimamizi habebi. Msimamizi anakagua. Kagua."

Siku nzima alibeba. Vikapu vyake vilikuwa nusu, lakini hakuacha hata zamu moja. Alikanyaga udongo bega kwa bega na bibi wa fimbo, wakishikana viuno wasianguke, na wakawa wanacheka kama wasichana. Kaka hakugonga jiwe hata moja siku ile. Alikaa anamwangalia mama yake kama mtu aliyefungwa kamba.

Jioni wengine walipoondoka, mama alikaa juu ya ukuta wa chini, akainua miguu yenye udongo akaitazama. Akamwita kaka akae. Mimi sikuitwa, nikakaa pia.

"Yule jirani yetu anayejua kukanyaga," mama akasema. "Kiangazi ulimtoa kwenye kukanyaga ukamweka kwenye kuchota maji. Watu walisema umemchukia. Kwa nini ulimtoa?"

"Kifundo kilikuwa kimemvimba," kaka akajibu. "Alikuwa anajificha asionekane kuchechemea. Kwenye maji anaweza kukaa."

Nilimgeukia. Sikuwa najua. Hakuna aliyejua.

"Na hii pembe," mama akasema, akigonga mawe kwa kisigino. "Ni ya nani?"

"Ya wale mawifi wawili wasiosemeshana. Nilijaribu watu wengine, udongo ukawa unapasuka. Wale wanakanyaga kwa mwendo mmoja hata wakiwa wamenuniana. Wanaijua miguu yao."

"Na jiwe la chini kabisa?"

"Lile la kwanza, yule mpanga mawe hodari alilibeba mwenyewe kutoka korongoni, akafika nalo hapa, akaligeuza, akaona lina ufa mwembamba ambao hata mimi nisingeuona. Akaliviringisha likarudi chini na kwenda kutafuta jingine. Hakumwambia mtu."

Mama akamuuliza juu ya mtu huyu na yule, juu ya siku ya jua kali, juu ya aliyeimba vibaya. Alijua yote. Kiangazi kizima alikuwa amekibeba kichwani, kila mtu na jiwe lake, kila mguu na alama yake. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Kumbe unaona," akasema.

"Nitaachaje kuona, mama? Ndiyo kazi yangu."

"Umemwambia nani?"

Kaka akaokota bonge la udongo, akalivunjavunja.

"Unaogopa watalegea," mama akasema. "Nilikusikia ukiongea na dada yako. Pole kwa mguu wa rafiki yako. Lakini niambie, mikono hii iliyokuwa haijafurahi, iko wapi leo?" Akaonyesha ubawa, mfupi, mawe yamekaa shaghalabaghala. "Wewe ulikaa reli miaka yote hiyo unasubiri kile kigari kisisimame. Hayo yalikuwa maisha magumu, mwanangu, na mimi sikuwepo. Lakini usitupitie sisi na kigari."

Kaka aliinamisha kichwa. Nilitaka kusema jambo, maana nilikuwa nimesema hayo hayo kabla, na kwa sauti kubwa zaidi. Nikanyamaza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza.

Asubuhi alikuwa hayupo kitandani. Nilimkuta bondeni kwenye miwa ya mama, amekata ile mizuri, myekundu, ameifunga mzigo mkubwa kuliko mgongo wake. Nilimsaidia kuubeba bila kuulizana. Baragumu likalia, wakaja watu wetu wa siku zote, fimbo na kikohozi na habari za Wajerumani. Kaka akasimama mbele ya ukuta wa chini.

"Leo hatuanzi kazi," akasema. "Leo tunaufunga ukuta wa chini."

Bibi wa fimbo akamkazia macho. "Huu wa kiangazi?"

"Huu."

"Basi ngoja," bibi akasema. "Huu una wenyewe." Akageuka akapaza sauti kuelekea nyumba zao, sauti ambayo sikudhani kifua kile kinayo. Wengine nao wakaita. Wakaanza kutokea, kwa mbali, kutoka vihambani, kwenye migomba ya majumbani mwao, bila haraka, wanapangusa mikono kana kwamba wameachishwa shughuli kubwa. Lakini wote walikuja, na wanaume walikuja na mapanga.

Kaka akakata. Aliita mtu mmoja mmoja, akampa pingili, akasema. Alimwambia mpanga mawe habari za jiwe lenye ufa mbele ya watu wote, na yule mtu mzima mwenye ndevu akaangalia chini kama bwana harusi. Aliwapa mawifi pingili zao akasema pembe ile haikupasuka kwa sababu miguu yao haijui ugomvi wa vinywa vyao. Watu wakaangua kicheko, na mawifi wenyewe wakashindwa kujizuia. Alimwambia aliyeimba vibaya kwamba siku ile ya jua kali watu wangeondoka saa sita kama asingewachekesha. Mimi nilipewa ya shinani, yenye utamu kuliko zote. "Wewe uliyenisema," akasema tu. Nikatafuta mahali pa kuangalia.

Alipofika kwa yule jirani, alisema, "Kifundo chako nilikiona. Sikukuchukia." Mwanamke yule alipokea muwa kwa mikono miwili.

Mama alipewa pingili iliyokwishamenywa na kuchanwa vipande vyembamba, kwa ajili ya meno yake. Kaka alijaribu kumtajia jambo alilofanya, akaanza, akashindwa. Mama akampigapiga mkononi, akaanza kutafuna.

Kesho yake kila nyumba ilitoa mtu wake hasa. Bibi wa fimbo alikuja pia, bila kuitwa, akakaa kwenye kivuli chake. Hakuna mkono uliolegea. Ubawa wa kulia uliotushinda tuliubomoa nusu, tukaujenga upya, tukaukatia muwa. Ubawa wa kushoto tukaukatia wake. Na manyunyu yalipokuja tena mchana mmoja, nilishangaa tulivyokuwa wengi juu ya ule ukuta, tunagongana na majani ya migomba.

Tulifungua kizibo siku moja kabla mawingu ya vuli hayajatanda. Mama hakuwepo kwenye ndiva. Alikuwa chini kwenye shamba lake, mwisho wa mfereji, anangoja. Maji yalitoka, yakazunguka bega la mlima, yakapotea machoni petu. Tukasimama. Kaka alikuwa na panga mkononi na miwa miguuni, lakini alikataa kukata. Alisikiliza tu, kama alivyokuwa akisikiliza mawe. Muda ulipita mpaka nikaanza kuhesabu mahali ambapo maji yangeweza kuwa yamevuja.

Kisha kikapanda kutoka bondeni kigelegele cha mama, chembamba, kirefu, kikakatika kwa sababu ya pumzi, kikaanza tena.

Hapo ndipo kaka alipokata. Alitoa pingili kwa wote, akawaambia yao, mpaka ukabaki muwa mmoja. Kwa desturi yetu msimamizi hukata, hakatiwi. Kazi yake huisha mikononi mwa wengine, yeye anaondoka na panga lake. Kaka aliinama kukusanya maganda.

Yule jirani mwenye kifundo akatoka kwenye mstari. Akamchukulia panga mkononi, polepole, kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu. Akaukata ule muwa wa mwisho, akachagua pingili, akamnyooshea.

"Wewe," akasema, "uliyeniona nikichechemea, ukanihamishia kwenye maji, wala hukuniaibisha kwa kuniuliza."

Kaka aliipokea. Alisimama ameishika kwa mikono miwili, mikono ile iliyobeba reli. Miaka yote ile ya jua na mataruma hakuna aliyewahi kusimamisha kigari kwa ajili yake isipokuwa kwa kosa, na sasa alikuwa hajui mtu anatakiwa afanye nini. Mwishowe akasema alichokijua.

"Kesho," akasema, "mfereji wa juu una mahali panavuja. Saa moja—"

"Tafuna kwanza," yule mwanamke akamwambia.

Tukamngoja wote, naye akatafuna.